Mlinda amani na lugha ya anaowalinda

Novemba 2008, wapiganaji wa CNDP, kundi la waasi la Laurent Nkunda, waliua watu wapatao 150 mjini Kiwanja, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa ilikuwa umbali usiofika kilomita 2. Askari walikuwa wachache na taarifa za kijasusi hazikuwapo, ni kweli. Lakini katika saa zile kambini hapakuwa hata na mkalimani wa kuzungumza na wananchi. Na Kiwanja watu wanaongea Kiswahili, lugha ambayo walimu wake hawajawahi kuwa adimu.

Majeshi yanayokwenda ugenini, basi, yawapeleke askari wake kwenye kozi nzito za lugha au yaajiri wakalimani wenyeji?

Wanaotetea kozi huonyesha Monterey, California, kilipo chuo cha lugha cha jeshi la Marekani. Askari hushinda darasani siku tano kwa wiki, na jioni ana mazoezi ya kufanya. Kihispania ni wiki 36, Kiarabu na Kikorea wiki 64, na walimu wengi ni wazawa wa lugha hizo. Chuo kilianza Novemba 1941 kwenye banda la ndege mjini San Francisco, kikiwa na wanafunzi 60, karibu wote Wamarekani wenye asili ya Kijapani. Mwaka uliofuata serikali hiyohiyo iliwafungia kambini jamaa za watu hao, na bado wahitimu walikwenda vitani Pasifiki kuhoji mateka na kusoma nyaraka za adui. Jeshi lilihitaji masikio yake lenyewe, na likayapata kwa watu liliowatilia shaka.

Wapinzani wanauliza muda utatoka wapi. Wanadiplomasia wa Marekani hutengewa wiki 36 kujifunza Kiswahili. Batalioni inayokaa Kongo mwaka mmoja kisha ikabadilishwa haiwezi kutumia karibu muda uleule darasani kabla ya safari. Isitoshe, ofisa akirudi kwao hupangiwa kazi nyingine na lugha inapotea. Wenyeji je? Baada ya Kiwanja, ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliweka Wakongo kwenye kambi zake wawe kiungo na vijiji. Hawa wanajua nani ni mtoto wa nani, barabara ipi imefungwa jana, na uvumi upi ni wa kweli. Hakuna kozi inayofundisha hayo.

Hoja hiyo naikubali, ila haimalizi mambo. Mkalimani anaishi palepale. Doria ikiondoka yeye anabaki na waliomwona akiongea na askari. Waafghani wengi waliofanyia majeshi ya kigeni ukalimani waliachwa nyuma Agosti 2021. Halafu kuna mwanamke aliyebakwa. Atamweleza kijana wa mtaani kwake, anayemjua mumewe na mama mkwe wake? Wengi watanyamaza. Askari wa kike anayemwelewa bila mtu wa tatu anaweza kusikia asichokisikia mwingine yeyote, hata kama sarufi yake inachechemea.

Lugha peke yake, hata hivyo, haileti nidhamu. Mwaka 2013, kwa Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, Tanzania iliingia kwenye Brigedi ya Kuingilia Kati ya Umoja wa Mataifa huko Kongo pamoja na Afrika Kusini na Malawi, na askari wake wakaweza kuongea na raia bila kozi yoyote. Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ulitangaza tuhuma za unyonyaji wa kingono dhidi ya baadhi ya askari wa kikosi hicho cha Tanzania kijijini Mavivi, karibu na Beni. Ukaribu ulioletwa na Kiswahili haukuwalinda wale wanawake.

Kwa hiyo siungi mkono kufundisha batalioni nzima. Nadhani kila kombania ndani ya batalioni ingepaswa kuwa na watu wawili watatu, mmoja wao awe mwanamke, waliosoma lugha kwa miezi sita au zaidi, wanaobaki wakati wenzao wanabadilishwa, wakifanya kazi bega kwa bega na wenyeji. Kikwazo kikubwa ni serikali kukosa sababu ya kujisumbua. Umoja wa Mataifa huzilipa nchi kwa kila askari kwa mwezi. Ukiongeza malipo kwa ofisa aliyefaulu mtihani wa lugha ya eneo anakopelekwa, vyuo vya kijeshi vitafungua madarasa hayo haraka.