Plagi ya Bei Kubwa Haifai Kitu Kama Joto Lake Silo

Anayenunua plagi za injini ya petroli, zile zinazotoa cheche, huulizwa kwanza kama anataka za kawaida au zenye ncha ya iridiamu, madini magumu. Kwangu mimi swali hilo ni la mwisho. Iridiamu hailiki upesi, basi plagi hudumu. Lakini nguvu za injini haziongezi. Kinachoponza injini ni plagi yenye joto au urefu usiofaa.

Plagi baridi huondoa joto nchani haraka, plagi moto hulishikilia. Ncha ikikaa chini ya nyuzi 450 hivi za sentigredi haiunguzi masizi yake. Kaure inayoizunguka ncha inakuwa nyeusi tii, umeme unateremka kupitia masizi badala ya kuruka, na injini inamisi, yaani inakosa kuwasha. Ikivuka 800 na ushee, petroli inawaka kabla ya cheche, na pistoni inaweza kutoboka. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kwa plagi za NGK na Denso namba kubwa ya joto ni plagi baridi zaidi, kwa Bosch na Champion ni kinyume. Kwa hiyo usibadilishe kampuni kwa kulinganisha namba. Tumia jedwali la mtengenezaji.

Chukua BKR6E-11 ya NGK. B ni kipenyo cha hesi (mikato ya kukazia) cha milimita 14, K ni spana namba 16, R ni resista, yaani kipingamizi cha umeme, 6 ni namba ya joto, E ni urefu wa hesi wa milimita 19, na 11 ni nafasi ya milimita 1.1 ambayo cheche inaruka. Ukiweka yenye H badala ya E, urefu unashuka hadi 12.7. Itafunga vizuri tu, na injini itawaka! Ila cheche imejificha ndani ya tundu, na hesi za silinda hedi (kifuniko cha silinda kinachoshika plagi) zilizobaki wazi zinajaa masizi, hata siku ya kurudisha ile ndefu inakwama. Ndefu kupita kiasi ni balaa zaidi, kwani pistoni inaweza kuigonga. Resista nayo usiipuuze, bila yake redio inakoroma.

Nafasi ipime hata kama plagi ni mpya. Ukirekebisha, pinda mguu wa pembeni peke yake. Ncha ya iridiamu ni nyembamba, ukiiegemea inavunjika.

Funga plagi injini ikiwa imepoa. Zungusha kwa vidole mpaka plagi ikae, kisha kwa spana nusu mzunguko hadi theluthi mbili kama ina gasketi (pete ya kuziba) mpya. Isiyo na gasketi, yenye kiti cha mshazari, inatosha sehemu moja ya 16 ya mzunguko. Na hesi usizipake grisi: zinateleza, unakaza kupita kiasi bila kujua, na hedi ya alumini haivumilii hilo.