California: Nyongeza ya mtoto maskini huishia wapi?

Mwaka 2013 gavana wa California, Jerry Brown, aliwaambia wabunge kwamba kuwatendea sawa watoto walio katika hali zisizo sawa si haki. Miezi michache baadaye akatia saini sheria iliyobadilisha mgao wa fedha za shule za umma katika jimbo hilo. Makumi ya mafungu ya zamani, kila moja na masharti yake, yakafutwa. Mahali pake ikaja fomula moja inayojulikana kwa kifupi kama LCFF (Local Control Funding Formula).

Hesabu yake si ngumu. Kila mwanafunzi ana kiwango cha msingi kulingana na darasa lake. Mtoto wa familia yenye kipato kidogo, anayejifunza Kiingereza, au anayelelewa na walezi waliopangwa na serikali, huongezewa asilimia 20 ya kiwango hicho. Wilaya ya shule, yaani chombo kinachoendesha shule za umma za eneo fulani, ambayo watoto hao wanazidi asilimia 55 hupata nyongeza ya pili kwa kila anayevuka mstari huo: awali asilimia 50, na tangu 2021 asilimia 65.

Tuseme kiwango cha msingi ni dola 10,000. Wilaya yenye wanafunzi 1,000, kati yao 800 wahitaji, itapata dola milioni 1.6 za nyongeza ya kwanza, na zaidi ya milioni 1.6 tena za nyongeza ya pili kwa wale 250 wanaovuka asilimia 55. Ukigawanya, ni dola 4,000 na ushei kwa kila mhitaji. Wilaya jirani yenye wahitaji 540 kati ya 1,000 itapata dola 2,000 kwa kila mmoja, basi. Umaskini ni uleule. Kilichobadilika ni anwani.

Watetezi wana jibu, nami naona lina uzito. Mtoto maskini katika shule ya maskini watupu ana mzigo wa pili: walimu wazoefu huhama, wenzake darasani wanahamahama na wazazi wanaofukuzwa kwenye nyumba za kupanga. Umaskini uliorundikana una gharama zake, na fomula inajaribu kuzilipia. Utafiti wa mwaka 2018 wa Rucker Johnson na Sean Tanner ulionyesha kuwa fedha za mageuzi haya zilipandisha idadi ya wanaohitimu sekondari, na kuboresha matokeo ya watoto wa familia za kipato kidogo. Kwa hiyo ule msemo kwamba kumwaga fedha shuleni ni bure haupati nguvu hapa.

Wapinzani nao hawasemi mambo ya kijicho tu. Wilaya zisizo na wahitaji wengi zinalalamika kwamba kiwango cha msingi hakitoshi hata kwa mishahara na michango ya pensheni inayopanda, na wao hawana nyongeza ya kuwaokoa. Wakenya waliofuatilia vuta nikuvute ya "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja", yaani fedha zigawanywe kwa idadi ya watu, katika Seneti mwaka 2020, pale mgao wa kaunti ulipokwama, watazitambua hoja hizi mara moja. Anayelipa kodi huuliza kwa nini mtoto wake ahesabiwe pungufu. Anayekosa maji na barabara huuliza usawa ulianza lini.

Lakini kwa maoni yangu, ugomvi juu ya asilimia unaficha tatizo kubwa zaidi. Nyongeza inahesabiwa kwa mtoto, ila hundi inaandikwa kwa wilaya. Brown alitaka hivyo kwa makusudi: walio karibu na shule wanajua mahitaji yake kuliko maofisa wa Sacramento, makao makuu ya jimbo. Ni hoja ya maana, hasa kwa anayekumbuka mafungu ya zamani yaliyoilazimu shule kununua kitu isichokihitaji kwa sababu tu fungu lake lipo. Sharti likabaki kwamba kila wilaya iandae mpango wa matumizi baada ya kuwasikiliza wazazi. Mipango hiyo ikawa vitabu vya mamia ya kurasa ambavyo mzazi anayetoka zamu ya usiku hawezi kuvimaliza.

Huko Los Angeles mwaka 2015 wilaya ilishtakiwa kwa madai kwamba ilihesabu matumizi yake ya zamani ya elimu maalumu kama huduma mpya kwa wahitaji. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2017, na shule 50 zikatengewa takriban dola milioni 150. Mwaka 2019 Mkaguzi wa jimbo alisema kwamba fomula haikuwa imehakikisha fedha zinawafikia waliokusudiwa, na kwamba nyongeza isiyotumika iliweza kugeuka kuwa fedha za matumizi ya kawaida mwaka uliofuata. Mwanya huo wa mwisho ulizibwa 2021. Kinachohitajika sasa si kurudisha masharti ya zamani. Ni kila wilaya kuchapisha, shule kwa shule, nyongeza iliyoletwa na watoto wa pale na kiasi kilichotumika palepale. Uhuru wa wilaya haupungui kwa kuonyesha hesabu.

Fomula ina mapengo mengine. Ulemavu haumo kwenye nyongeza hizi; elimu maalumu ina mfuko wake wa pembeni. Mtoto huhesabiwa mara moja tu, hata akiwa na shida tatu. Binti wa wakimbizi kutoka Kongo anayeingia darasani San Diego akijua Kiswahili na Kifaransa, wazazi wakitafuta kazi, analeta nyongeza sawa na mwenzake ambaye shida yake ni kipato peke yake. Na wilaya tajiri kama Palo Alto, ambako kodi ya ardhi na majengo inapita kiwango cha fomula, hubaki na ziada yote.

Halafu kuna suala la kuwajua maskini ni akina nani. Miaka mingi walitambuliwa sana kupitia fomu za chakula cha shule. Tangu mwaka wa masomo 2022–23 California inawalisha wanafunzi wote bure, jambo jema, lakini mzazi hana tena sababu ya haraka ya kujaza fomu ya kipato, na aliye nchini bila vibali ana sababu nyingi za kuikwepa. Familia zilizo kwenye misaada ya chakula au bima ya afya ya serikali zinaonekana moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Zilizobaki nje ya misaada hiyo, shule inabidi izitafute, fomu kwa fomu.