Digoksini na seli zilizozeeka: wanaoomba subira wana hoja

Mwaka 2019 timu mbili za watafiti, moja ya London na nyingine ya Santiago de Compostela nchini Uhispania, zilionyesha kuwa dawa za moyo kama digoksini na ouabaini huua seli zilizozeeka, zile zisizogawanyika tena lakini hazifi, zikabaki kumwaga kemikali za uvimbe. Dawa hizi huziba pampu inayotoa sodiamu nje ya seli na kuingiza potasiamu, na seli iliyozeeka huelemewa mapema kuliko changa. Digoksini ni ya bei nafuu, hataza haiihusu tena, na madaktari wameizoea. Kwa nini basi isijaribiwe kwa wazee kesho?

Wanaosita huitwa waoga. Lakini tazama panya wa maabara: pampu yake ni sugu kwa dawa hizi mara mamia kuliko ya binadamu. Ukimpandikizia uvimbe wa saratani ya binadamu kisha ukampa digoksini, seli za binadamu zinakufa na moyo wa panya unasalimika. Sehemu ya usalama huo ni tofauti ya spishi tu, wala haithibitishi kwamba dawa inajua kuchagua seli zilizozeeka. Ushahidi wa kuaminika zaidi ni ule wa seli za binadamu, zilizozeeka na changa, zikilinganishwa maabarani. Nao upo, ila chupa ya maabara haina moyo unaodunda.

Kwa mgonjwa wa moyo kushindwa, kiwango cha digoksini kinacholengwa ni nanogramu 0.5 hadi 0.9 kwa mililita ya damu. Kikipita 2, sumu inatarajiwa: kichefuchefu, kuona umanjano, mapigo kuvurugika. Na mzee ndiye mwenye figo dhaifu, ndiye anayemeza furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo inayopunguza potasiamu, na potasiamu ikishuka digoksini hung'ang'ania pampu zaidi. Akiongezewa klarithromaisini, dawa ya kuua bakteria, kwa ugonjwa wa kifua, kiwango cha digoksini hupanda.

Watetezi hujibu kwamba dozi za vipindi zinatosha, kwani seli hizo hazirudi haraka. Jibu zuri, lakini nusu ya digoksini huchukua saa 36 hadi 48 kutoka mwilini, na figo zikifeli hufika siku 4 au 5. Kipindi kifupi hakiwi kifupi.

Jaribio la haki lingeanza na watu wachache waliopimwa kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) na potasiamu, damu ya kupima digoksini ichukuliwe saa 6 au zaidi baada ya kidonge, na vipande vya ngozi vihesabiwe seli zilizozeeka kabla na baada ya dawa.