Bunduki Iliyonukia Maandazi

Jicho langu la kulia lilivimba likafunga kabisa kwa siku nne. Ofisini nikasema nimejigonga kwenye kona ya kabati. Wenzangu wakanipa pole, ila mmoja, ambaye mambo ya ndoa yake tunayajua, alinivuta hadi kwenye korido akaninong'oneza nisione haya, hata kwake lipo kabati la namna hiyo.

Leo naweka mambo wazi, maana mke wangu amechoka kutazamwa vibaya. Aliyenipiga si yeye. Nilipigwa na bunduki yangu mwenyewe, mbele ya baba mkwe, kanga kumi na watatu wakishuhudia.

Tuna kijiwe chetu cha Jumamosi kwenye gereji moja hapa Dodoma mjini, chini ya mwarobaini. Wenye bunduki ni wawili tu, wenye maoni ni wote. Mkubwa wetu ni mzee mstaafu mwenye Brno ya .22, bunduki ya risasi ndogo ya baruti, iliyotengenezwa Chekoslovakia enzi hizo nchi ikiitwa hivyo, na kitako chake kimesuguliwa na shavu lake hadi kinang'aa kama kigoda cha bibi. Kwake yeye mjadala ulishafungwa. Risasi ya .22 LR, husema, ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887, Mjerumani hajatuletea hata reli Dodoma, na mpaka leo inauzwa. Akishasema hivyo huagiza kahawa nyingine kwa hela ya mtu mwingine.

Mimi sina ugomvi na .22. Nina ugomvi na inakofika. Boksi lenyewe linakuonya kwamba risasi ile inaweza kusafiri maili moja na nusu, karibu kilomita mbili na nusu. Sasa ipeleke Ugogoni, nchi imenyooka, mbuyu mmoja hapa, mwingine kule, na katikati yake vijana na ng'ombe wao. Ukimkosa kanga unalala unajiuliza risasi imemkuta punda wa nani. Ndiyo maana nikaamua kutafuta bunduki ya upepo, ambayo punje yake, yaani kile kirisasi chake kidogo, inachoka mapema.

Hapo sasa kijiwe kikawaka. Bunduki za upepo wengi tunazozijua, kwa upana wa tundu la mtutu, ni za milimita 4.5 na za milimita 5.5. (Kubwa zaidi zipo, za 6.35, ila kulipata kopo la punje zake huku kwetu ni kama kutafuta pweza mbichi Manyoni.) Punje ya 4.5 ina nusu gramu hivi. Inakwenda mbio, inanyooka, ukitoboa nayo kopo la maziwa unajiona umepitia jeshi. Ya 5.5 inakaribia gramu nzima. Inakwenda polepole, inaanza kushuka mapema, lakini ikigonga imegonga. Kanga mzima ana zaidi ya kilo moja na manyoya yaliyobanana kama godoro jipya, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane mnaujua: unamvua mtu kofia Nzuguni akaiokote Ihumwa. Nusu gramu itafanya nini humo? Kila mtu akaniambia 5.5. Hata fundi mwenye gereji, ambaye maisha yake yote ni injini za dizeli na hajawahi kushika bunduki, aliinua kichwa kutoka chini ya Fuso akasema 5.5.

Nikanunua 4.5.

Sababu ni boksi. Lilikuwa na picha ya tai aliyekunja uso, na chini yake namba nyekundu: futi 1,200 kwa sekunde. Nikapiga hesabu kwenye simu, ikaja mita 366. Sauti yenyewe inakwenda mita 340 na ushee. Maana yake kanga angekufa kwanza, mlio angeusikia baadaye. Nikalisimulia hilo kijiweni kwa sauti ya juu. Mzee wa Brno akauliza kitu kimoja tu: "Hiyo namba wameipima kwa punje gani?" Nikamwona mzee wa watu amepitwa na wakati. Kumbe viwanda hupenda kupimia punje nyepesi kuliko zote, ambazo mwindaji wala hazimfai, na punje ikishaikaribia kasi ya sauti huanza kuyumba kama mtu anayetoka kwenye pombe ya mtama. Hayo niliyajua baadaye, nikiwa na jicho moja.

Habari ya kibali cha bunduki na leseni ya kuwindia siwachoshi nayo. Nilivipata vyote kihalali, na pea nzima ya viatu ikaishia kwenye korido za ofisi.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya springi. Unaukunja mtutu, springi inabanwa, ukifyatua pistoni inaruka mbele na kuisukuma hewa. Watu hudhani bunduki ya upepo haipigi teke. Ya springi inapiga mateke mawili: moja la kurudi nyuma, na papo hapo jingine la kwenda mbele pistoni inapogonga ukuta. Hilo la pili ndilo baya kwa darubini ya kulengea iliyofungwa juu yake. Bunduki inakwenda mbele, darubini inabaki, na kila ukipiga inateleza kidogo kwenye reli yake kulifuata jicho lako. Dawa yake ni kuweka kizuizi na kukaza skrubu kwa bisibisi ya saizi yake. Mimi nilikaza kwa kisu cha kupakia siagi.

Wiki ya kwanza nilikuwa nalazimika kurudisha kichwa nyuma kidogo kila siku ili nione vizuri. Nikadhani shingo yangu inazoea.

Halafu ikaanza kulia. Ukikunja mtutu, inalia kama mlango wa choo cha shule. Kikaratasi kilichokuja nayo kilisema tone moja la mafuta maalumu ya silikoni. Silikoni nyumbani hatukuwa nayo. Tulikuwa na alizeti, tena ile ya kukamuliwa Singida, nzito, inanukia. Nikasema mafuta ni mafuta. Nikaingiza kijiko cha chai kwenye kile kitundu cha hewa, nikaona kimoja ni uchoyo, nikaongeza. Ikanyamaza kabisa. Nikaifuta, nikaisimamisha kwenye kona, nikampigia simu mama mkwe kule upande wa Mvumi.

"Mama, Jumamosi tunakuja. Nawaletea kanga."

"Ee baba! Kanga? Zitakuwa za rangi gani?"

Nikacheka kimoyomoyo. Mimi ni Mhehe, ngeli za Kiswahili zilinisumbua hadi kidato cha pili, siwezi kumkosoa mtu mzima. "Weusi, mama, wenye madoadoa meupe."

"Hizo hizo ndizo nazipenda," akasema. "Ngapi?"

"Mungu akijalia, wawili."

"Doti nzima! Ubarikiwe sana, baba."

Hilo neno "doti" nililisikia vizuri kabisa. Sijui kwa nini halikuniambia kitu.

Tukafika. "Mbukwenyi!" nikasalimia, na baba mkwe akaitikia huku akichungulia nyuma ya gari. "Mtani, mbwa wa kuwindia yuko wapi? Au mmeshamla njiani?" Wagogo na Wahehe ni watani, kwa hiyo hapo hakuna kesi, unameza, unasubiri zamu yako. Jioni ya saa kumi tukatoka watatu: mimi na bunduki, mzee na fimbo yake, na shemeji yangu wa miaka kumi na miwili na manati shingoni.

Uwele ulikuwa umeshavunwa, mabua yamebaki, na kanga walikuwa kwenye mabua wakichakura punje zilizomwagika. Tukalala kifudifudi nyuma ya kichaka. Nikawahesabu, kumi na watatu. Mkubwa wao alisimama pembeni kama mwalimu wa zamu. Hatua thelathini na tano, upepo umetulia. Nikaukunja mtutu bila mlio wowote, nikamtupia mzee jicho aone chombo kilivyo laini. Nikaweka punje. Nikachungulia kwenye darubini. Ilikuwa karibu sana na uso, nusura nihisi baridi ya kioo, lakini kichwa cha kanga nilikiona kikubwa kama papai. Nikabana pumzi, nikavuta.

PAAAH!

Bunduki ya upepo haitoi mlio huo. Mlio wake ni kama mtu anayefunga droo. Huu ulikuwa mlio wa gobore, ukagonga kilima cha pili ukarudi. Kitu kikanipiga juu ya jicho, nikaona nyota kabla jua halijazama. Nilipofumbua lile jicho lililobaki, moshi mweupe ulikuwa unatoka mdomoni mwa mtutu taratibu, na baba mkwe alikuwa amelala kifudifudi, fimbo kwapani, akisema jambo kwa Kigogo ambalo mke wangu mpaka leo hataki kunitafsiria.

Kanga walikimbia, maana kanga hapendi kuruka kama miguu inatosha. Walikimbia hatua kama ishirini, wakasimama, wakageuka kututazama. Kisha ikaja harufu.

Ilikuwa harufu ya maandazi. Sitanii. Maandazi ya moto, ya alfajiri, yale ambayo mama ntilie ameyatoa sasa hivi kwenye karai. Shemeji akanusa, akanitazama, akanusa tena, akaanguka kwa kicheko hadi manati ikamtoka shingoni.

Kijiji hakikuchelewa. Walikuja watoto kwanza, wakifuata pua. Akaja bibi mmoja na kikapu, akauliza nani anakaanga. Mwishoni wakaja mgambo wawili na mwenyekiti wa kitongoji, wakiamini gobore la mtu limepasuka. Nikatoa karatasi zangu mkono mmoja, wa pili umeshika jicho. Mwenyekiti akazisoma zote, mistari yote, mihuri yote. Akaichukua bunduki, akanusa mtutu, akampa mgambo naye anuse. Kisha akasema kwa utulivu wa mtu wa serikali: "Cha bunduki nimekiona. Cha mgahawa kiko wapi?"

Tulirudi nyumbani na msafara. Mama mkwe alikuwa ameketi nje ya tembe na majirani wawili, amevaa gauni jipya, kichwani amejifunga kitambaa kilichoacha nafasi ya kitu kingine. Aliniangalia jicho, akanipa pole, akaleta maji ya moto na chumvi. Akanikanda. Akasubiri. Jirani mmoja akakohoa.

"Na kanga?" mama akauliza.

"Wamekimbia, mama."

Kimya. Mama akamtazama jirani, jirani akatazama mlango. Mke wangu ndiye aliyeelewa, akaingia ndani akafunga mlango, na tukawa tunamsikia kwa nje akicheka ndani ya mto. Tulikula ugali wa uwele na mlenda. Mlenda ulikuwa mzuri, na sikuwa na la kusema.

Jumamosi iliyofuata niliipeleka bunduki gereji. Fundi aliifungua dakika kumi tu. Springi imekatika vipande viwili, kile kipira cha mbele ya pistoni kimeungua pembeni. Akaniuliza nilitia nini. Nikamwambia. Alikaa chini juu ya tairi, akaanza kufundisha darasa zima kwa furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Injini ya dizeli, akasema, haina plagi. Hewa ikibanwa ghafla inapata moto, na ukiipa mafuta yanawaka yenyewe. Bunduki ya springi nayo inabana hewa ghafla. "Wewe hukuwa na bunduki. Ulikuwa na silinda moja ya Fuso, na ulikuwa umeweka jicho mahali pa bomba la moshi." Akaendelea: kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na watu wakaitazama isijulikane kuwa ni karanga. Mzee wa Brno akadakia kuwa kumbe hapa ndipo Waingereza walipokosea: walikuja Kongwa mwaka 1947 kulima karanga kwa matrekta, mpango ukafa miaka minne baadaye, na kama karanga zingekubali, leo ningekuwa nimelipua jicho kwa zao la nyumbani.

Nikavumilia. Mtu aliyenunua boksi lenye tai inabidi avumilie.

Sasa nina 5.5. Ni ya zamani, haina darubini, ina kile kimkato cha nyuma na kidole cha mbele vya kulengea basi, na mti wake una alama ya meno ambayo mwenye nayo wa kwanza hakunieleza. Kasi yake sijui na sitaki kujua. Ili kuitumia inanibidi nimsogelee kanga hatua ishirini na tano, nikitambaa, na mara nyingi hunisikia wakaondoka zao. Lakini niliyempata nampata kweli, na sijawahi kuipenda silaha namna hii. Wanaonishangaa kijiweni nawaambia waende wakasome maboksi yao. Mafuta naitia ya silikoni, tone moja, mke wangu akiwa amesimama mlangoni ameshika dumu lake la alizeti kwa mikono miwili.

Kanga nilizinunua soko la Majengo, doti mbili, nyeusi zenye madoadoa meupe, nikazituma na basi. Mama mkwe alinipigia kushukuru. Akasema majirani wote wameziona, na mzee anasalimia, na shemeji anasalimia, na mwenyekiti anauliza jicho linaendeleaje. Akasema tukija Krismasi tusisahau dumu la alizeti la lita tano, maana kule bei imepanda. Nikasema sawa, mama.

Akanyamaza kidogo.

"Ya kupikia, baba."