Kabla ya kuandika 1 × 3, ulizeni mtoto ana kilo ngapi

Jumatatu jioni nilikuwa nimesimama kwenye duka la dawa hapa Tabata, Dar es Salaam, nimefuata parasetamo. Mbele yangu mama kijana, mtoto mgongoni amelala kwa kuchoka kulia, shavu limelowa machozi. "Kaka, naomba dawa ya sikio la mtoto. Usiku kucha hatujalala." Kaka muuzaji akauliza swali moja tu: ana umri gani? Mwaka na miezi mitatu. Ikashushwa chupa ya amoksilini, antibaiotiki ya unga wa kuchanganya na maji, ile ya mililita 100, kalamu ikaandika juu ya boksi: 1 × 3. Mama akalipa, akaondoka.

Hakuna aliyemchungulia mtoto sikioni. Hakuna aliyempapasa nyuma ya sikio kuona kama kumevimba. Hakuna aliyeuliza kilo, na kadi ya kliniki ilikuwa inachungulia kwenye mkoba wa mama pale pale. Mimi nami nilinyamaza, na ndicho kinachoniuma mpaka naandika haya.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme mtoto yule ana kilo 10. Chupa ile ikishachanganywa maji, kila mililita 5 zina miligramu 125 za dawa. Kijiko kimoja cha mililita 5 mara tatu ni miligramu 375 kwa siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unasema mtoto mwenye maambukizi ya sikio la kati, akihitaji antibaiotiki, apewe amoksilini miligramu 80 hadi 90 kwa kila kilo kwa siku, zikigawanywa mara mbili, siku tano. Kwa kilo 10 ni miligramu 400 hadi 450 kila mara, yaani 800 hadi 900 kwa siku. Kwa hiyo mama yule, hata akifuata maelekezo bila kukosea siku hata moja, anampa mwanawe chini ya nusu ya kinachotakiwa.

Haijaishia hapo. Chupa nzima ina miligramu 2,500. Ukiitoa kwa kipimo sahihi inakwisha siku ya tatu au ya nne. Chupa moja haitoshi, na hakuna anayekwambia. Hapo sijagusa maji yaliyopita mstari, wala unga uliotuama chini kwa sababu chupa haikutikiswa, mtoto akanywa maji matamu siku mbili za mwanzo na dawa nzito siku ya mwisho. Wala kijiko cha chai cha nyumbani, ambacho kila kabati lina cha ukubwa wake. Kuna vidonge vya miligramu 250 vya kuyeyusha kwenye maji kidogo au maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Kwa jedwali la uzito la mwongozo ule ule, linalokadiria kwa makundi ya kilo, mtoto wa kilo 10 anapewa viwili asubuhi na viwili jioni, jumla vidonge 20, na hakuna cha kutikisa. Navipenda vile vidonge kuliko chupa yoyote.

Kwa nini nakazania kipimo hivi? Kwa sababu ya wanaokaa ndani ya lile sikio. Bakteria wanaolisumbua sikio la kati la mtoto ni hasa watatu: Streptococcus pneumoniae, ndiye huyu huyu wa nimonia, Haemophilus influenzae, tena si ile aina ya b tunayoikinga kwa chanjo ya pentavalenti, na Moraxella catarrhalis. Wanakaa puani mwa watoto wetu siku zote bila fujo. Mafua yakija, kile kimrija kinachotoka nyuma ya pua kwenda sikioni kinavimba na kuziba, na kwa mtoto mdogo ni kifupi na kimelala, hakijainama kama chetu. Majimaji yanakwama nyuma ya ngoma ya sikio, bakteria wanazaliana humo, usaha unasukuma ngoma. Ndicho kile kilio cha saa nane usiku.

Sasa huyo wa nimonia akiwa sugu, anakuwa amebadilisha zile protini ambazo penisilini na ndugu zake, amoksilini ikiwemo, hushikamana nazo. Dawa bado inamshika, ila kwa taabu. Ukiongeza kiasi, inamshika vizuri. Ndiyo maana dozi ya sikio imepandishwa kuliko tuliyoizoea. Ukimpa nusu, unawaua wale dhaifu na kuwaachia nafasi wenye nguvu, na hao watabaki kwenye pua ya mtoto anayelala kitanda kimoja na wadogo zake. Hawa wengine wawili wana mbinu tofauti: Moraxella karibu wote, na Haemophilus kadhaa, hutoa kimeng'enya kinachoikata amoksilini. Hapo kuongeza kipimo hakusaidii. Ndipo daktari huandika amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti, ambayo inakizuia kile kimeng'enya. Muuzaji hawezi kulijua hilo kwa kutazama tu uso wa mama.

Na wale wanaokimbilia azithromaisini, antibaiotiki nyingine, kwa sababu ni kijiko kimoja kwa siku na kwa siku tatu imekwisha: kwa sikio la mtoto asiye na mzio wa penisilini, ni dhaifu kuliko amoksilini. Basi.

Najua ninachokisema kwa sababu nilishafanya kosa hili hili. Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Chupa, 1 × 3, siku ya tatu akacheka, akala uji, homa ikashuka. Nikaifunga chupa nikaiweka mlangoni mwa friji, "itatufaa siku nyingine." Na kweli, ilitumika kwa mtoto wa dada yangu aliyekuwa anakohoa. Baada ya wiki mbili hivi nikaamka alfajiri nikakuta foronya ina doa la njano lenye harufu, na nywele za binti yangu zimegandana juu ya sikio la kushoto. Ngoma ilikuwa imetoboka. Hakuwa analia. Ikitoboka, maumivu hupungua, na sisi tunadhani mtoto amepona.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba masikio mengi hupona bila antibaiotiki yoyote. Mtoto aliyevuka miaka miwili, anayeumwa kidogo sikio moja, anaweza kupewa parasetamo na kuangaliwa siku mbili tatu. Lakini kuangaliwa huko kunataka mtu aliyeliona sikio siku ya kwanza na atakayeliona tena siku ya tatu. Nakubali pia kwamba anayekaa Chanika mtoto akilia saa nne usiku, duka la dawa la jirani ndilo lililo wazi. Silitaki lifungwe. Nataka pale kaunta pawe na mzani, na swali la pili baada ya umri.

Mafuta ya nazi ya uvuguvugu, maji ya kitunguu saumu, unga wa kapsuli iliyofunguliwa: msiweke kitu sikioni kwa kujiamulia. Mkiona uvimbe nyuma ya sikio, ukiguswa mtoto anashtuka, sikio limesukumwa mbele, msipitie dukani kabisa. Nendeni hospitali usiku huo huo.

Na usaha ukitoka siku 14 au zaidi, huo ni ugonjwa mwingine. Wenyeji humo sasa huwa Pseudomonas na Staphylococcus, amoksilini ya kunywa haiwafanyi kitu. Binti yangu tulifika huko. Nesi alinifundisha kusokota kitambaa safi cha pamba kiwe utambi, naingiza taratibu, kikilowa natoa, naweka kingine, mpaka kinatoka kikavu, mara tatu kwa siku. Ndipo yanafuata matone ya siprofloksasini, antibaiotiki ya kudondoshea sikioni. Niliifanya kazi hiyo wiki mbili nimepiga magoti sakafuni, mtoto amelala mapajani kwa bibi yake, mimi nahesabu tambi: saba, sita, nne, mpaka siku moja zikawa mbili tu.

Chanjo ya nimokoka, yaani ya kumkinga huyo bakteria wa nimonia, ile ya wiki 6, 10 na 14, tunayo nchini tangu 2013. Msiiruke.

Sikio lilikauka. Binti yangu sasa ana miaka minne, anaongea sana. Akiwa amenipa mgongo, anachora au anamvisha mwanasesere, huwa namwita taratibu kutoka upande wa kushoto. Mara nyingi anageuka. Jana nilimwita mara mbili.