Kimya cha Mkutanoni Kisikudanganye

"Kuna mwenye swali?" kiongozi anauliza kwenye mkutano wa video. Kimya. "Haya, tumekubaliana." Wiki mbili baadaye anashangaa kwamba kila mtu amefanya lake. Kwa maoni yangu, timu nyingi za watu wa nchi mbalimbali huharibikia hapo, pale kimya kinapohesabiwa kuwa ridhaa.

Mtafiti Mholanzi Geert Hofstede alichambua majibu ya hojaji ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM wa nchi nyingi, yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973, akaonyesha kwamba jamii hutofautiana sana katika namna walio chini wanavyoupokea ukubwa wa bosi. Kuna jamii ambako kumpinga mkubwa mbele za watu ni utovu wa adabu, na kuna ambako asiyepinga huonekana hana mchango. Wakutanishe wote hao kwenye skrini moja: wazungumzaji watazungumza, wenye staha watanyamaza, nawe utaamua kwa mawazo ya wachache. Ila wastani wa taifa haukwambii lolote la hakika kuhusu mtu mmoja. Wapo Wajapani wanaosema wazi kuliko Waholanzi wengi. Muulize mtu mwenyewe anavyopenda kukosolewa, usimkisie kwa pasipoti yake.

Mimi naamini maandishi. Hoja isambazwe siku mbili kabla, kila mtu aandike maoni yake kwa wakati wake, na kiongozi aandike ya kwake mwisho kabisa, maana akitangulia wengine watamfuata. Anayefanya kazi kwa lugha yake ya tatu atapata nafasi ya kupanga maneno. Swali nalo ligeuzwe. Ukiuliza "Ni nini kinaweza kutukwamisha hapa?", mtu anaweza kutaja kasoro ya mpango wako bila kujiona amekuvunjia heshima.

Halafu kuna saa. Mwezi Januari, saa tatu asubuhi ya San Francisco ni saa nane usiku Tokyo. Mkutano ukipangwa kumfaa bosi kila wiki, aliyeko Tokyo ameshajua thamani yake kabla hujafungua mdomo. Saa zizungushwe, na zamu ya kukesha ikufikie na wewe.

Tarehe ziandikwe kwa jina la mwezi. 04/05 ni Aprili 5 kwa Mmarekani, ni Mei 4 kwa Mwingereza. Kazi ikichelewa kwa sababu hiyo, mara nyingi lawama humwangukia yule ambaye Kiingereza chake hakimtoshi kujitetea.