Hodi kwenye Kisanduku

Nyumba niliyopanga Tokyo kwa siku nne, maeneo ya Asakusa, nilifika nikafanya kama mama alivyonifundisha: hodi. Kimya. Hodi tena, kwa sauti ya Kariakoo. Jirani akachungulia, akainamisha kichwa, akafunga mlango wake taratibu kama mtu aliyetoka kumlaza mtoto.

Mwenye nyumba hayupo, ndugu zangu. Kuna kisanduku cha namba kimening'inia kwenye bomba, ufunguo umo ndani. Namba zenyewe unatumiwa kwenye simu saa kumi jioni. Mimi nimetua Narita saa moja asubuhi! Na kuipata hiyo nyumba ni kazi nyingine, maana mitaa mingi kule haina majina, wanahesabu vitalu. Nimezoea kuelekezwa "ukimpita muuza chipsi, kata kulia, uliza". Sasa umuulize nani, na kwa lugha gani?

Mlangoni unavua viatu, hilo sina ugomvi nalo, hata kwetu ni adabu. Ukutani kuna kishikwambi, kinataka pasipoti na sura. Pasipoti ikapita. Sura ikagoma. Pichani nimenyoa, nimepaka mafuta, nina shati la harusini. Aliyesimama pale ni mtu aliyelala kwenye viti vya ndege usiku kucha. Mara ya tano kikakubali, nadhani kwa huruma.

Chumba kidogo mpaka nikitaka kufungua begi napanda kitandani. Chooni kuna ndala zake peke yake, ole wako utoke nazo. Halafu vitufe! Sisi watu wa pwani maji chooni si habari ngeni, lakini kopo letu halijawahi kunishtukiza.

Usiku nikabonyeza kitufe nijaze maji ya kuoga. Nimebaki na taulo tu, mara sauti ya kike ikatoka bafuni. Nikaruka nje, "Samahani dada, sikujua kuna mtu!" Kumbe ni mtambo unatangaza kwamba maji yako tayari. Siku nne zote, aliyenisemesha mle ndani ni bafu.

Lakini kilichonimaliza ni takataka. Karatasi ya maelekezo imebandikwa jikoni: taka za kuchoma siku yake, plastiki siku yake, makopo siku yake. Chupa ya maji uisuuze, ubandue karatasi yake, kifuniko ukiweke kando. Chupa inaogeshwa kuliko mgeni! Na siku ya chupa ni Jumatano, mimi naondoka Jumanne saa nne asubuhi. Nikasema nitazitupa njiani. Pipa liko wapi? Mengi ya barabarani na stesheni yaliondolewa baada ya lile shambulio la gesi ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi, mwaka 1995. Na barabara zinang'aa! Ningedondosha hata ganda la pipi, mji mzima ungejua ni mimi.

Nikazipakia kwenye begi, nitazitupa uwanja wa ndege. Nikasahau.

Nyumbani Temeke watoto wamekaa duara, mke wangu anafungua zipu taratibu, anatoa kitu cha kwanza kutoka Japani. Chupa tupu. Ya pili, tupu. Ya tatu. Akainusa, akaigeuza kwenye taa.

"Baba Zuhura," akasema, "hivi vifuniko vyake viko wapi?"